Vipimo vya haraka vya homa ya uti wa mgongo: kasi huanzia kituo cha afya

Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo katika eneo la Banalia, jimbo la Tshopo, Septemba 2021, watu 129 kati ya 261 waliohisiwa kuugua walikuwa wamekwisha kufariki. Uthibitisho kwamba chanzo ni bakteria wa meningokoki ulitoka Taasisi ya Pasteur, Paris. Sampuli ililazimika kuvuka bara ili jibu lipatikane.

Kwa hiyo kulinganisha vipimo vya ugonjwa huu kwa dakika peke yake hakutoshi. Vyote hutumia maji yanayotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa. Kipimo cha lateksi, ambacho chembe zake hugandamana zikikutana na bakteria, hutoa jibu kwa dakika chache na kutaja kundi lake. Hata hivyo vitendanishi vyake huhitaji jokofu wakati wote, na kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika hiyo si haraka hata kidogo. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha CERMES mjini Niamey, Niger, wakishirikiana na Taasisi ya Pasteur, walibuni vijiti vya kuchovya vinavyostahimili joto na kuonesha mstari wa rangi kwa takriban robo saa.

Kipimo cha vinasaba, PCR, ni makini zaidi, na hugundua hata bakteria waliokwisha kuuawa na dawa, ila kinadai maabara kamili. Kuotesha bakteria huchukua siku moja au zaidi na hushindwa mara nyingi mgonjwa akiwa ametangulia kumeza antibiotiki. Lakini ndiko kunakoonesha dawa ipi bado inafanya kazi, hivyo kuachana nako kwa kuvutiwa na vijiti lingekuwa kosa la kisera.

Kujua kundi la bakteria ndiko kunakoamua chanjo. MenAfriVac, iliyoanza kutumika mwaka 2010, hukinga kundi A tu, ilhali Banalia ilishambuliwa na kundi W. Chanjo ya Men5CV, ambayo Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kuitumia mwaka 2024, hukinga makundi matano.

Kwa mgonjwa mwenye homa kali, shingo iliyokakamaa na kuchanganyikiwa, Shirika la Afya Duniani linaelekeza antibiotiki zianze mara moja, bila kusubiri majibu ya maabara. Kijiti kisichoonesha mstari hakimruhusu mtu kurejea nyumbani.