Tudai Mchanganuo Kabla ya Kulipa

Ndugu zangu wa Kalenga, na ninyi wa Iringa mjini, Mafinga, Makambako hadi Mbeya,

Nawaandikia kuhusu mzigo ambao kila mmoja wetu amekuwa akiubeba peke yake. Umeagiza kitu nje: kipuri cha pampu ya kumwagilia vitunguu kando ya Ruaha Mdogo, vioo vya simu kwa ajili ya kibanda chako cha ufundi, gauni la sendofu ya binti, vitabu vya mtoto aliye chuo. Umelipia kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, bei umeiona, nauli umeiona, ukaridhika. Wiki tatu baadaye unaingia ujumbe: mzigo umefika Dar es Salaam, tuma kiasi fulani ili utolewe. Kiasi ni kimoja tu. Humo ndani kuna kodi ya Serikali, kuna ujira wa kampuni ya vifurushi, kuna ghala, na pengine kuna kisicho na jina. Unapiga hesabu ya nauli ya kwenda Dar kuuliza, unaona heri ulipe. Unalipa.

Ujumbe ulionifikia mimi ulitaja Sh 94,000, ukaziita "gharama za kutoa mzigo", na chini yake ikawekwa namba ya simu ya kutumia pesa. Kifurushi chenyewe kilikuwa na vitabu viwili vya kufundishia. Niliomba mchanganuo. Nilijibiwa kwamba hicho ndicho kiwango. Niliomba tena kwa maandishi, na tena, mpaka ikaja karatasi moja iliyopigwa picha, kwa Kiingereza. Mstari wa ushuru wa forodha ulisomeka sifuri. Mstari wa VAT, sifuri. Chini yao kulikuwa na uondoshaji, nyaraka, ghala kwa siku nne, na ada ya "kulipa kodi kwa niaba ya mteja". Nikasoma mara mbili. Kodi ni sifuri, na bado natozwa kwa kulipiwa hiyo sifuri. Zile siku nne za ghala zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa kabla ujumbe wa kwanza haujanifikia.

Nimeeleza hilo kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha madai yetu. Tukizungumza vijiweni tunasema "TRA wametukaba". Mara nyingine ni kweli kodi ni kubwa. Lakini mtu asiyejua sehemu gani ya pesa yake imekwenda Serikalini na sehemu gani imebaki kwa msafirishaji hawezi kumlalamikia yeyote kwa haki. Msafirishaji atasema ni kodi. Ofisi ya kodi itasema sisi tulitoza kidogo. Wewe utabaki katikati na risiti ambayo huna.

Basi tuanze kwa kujua kilicho halali. Ushuru wa forodha tunatozwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na viwango vyake vinatoka kwenye orodha ya pamoja ya nchi wanachama. Tangu tarehe 1 Julai 2022 orodha hiyo ina madaraja manne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Nguo mpya zimo kwenye 35. Vitabu vilivyochapwa vimo kwenye sifuri. Huku Bara juu ya hapo inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa baada ya ushuru kuongezwa kwenye thamani, kisha tozo ndogo kama ile ya kushughulikia nyaraka za forodha na ile ya maendeleo ya reli iliyoanza mwaka 2015. Kwa hiyo magauni mapya ya Sh 100,000 yana ushuru wa Sh 35,000, na VAT juu ya 135,000 inakuwa Sh 24,300. Ukiongeza tozo hizo ndogo unazidi kidogo elfu sitini. Ni nyingi, ndiyo. Lakini ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya akipewa tarakimu, na kama bili yako imefika laki na nusu, una haki ya kuuliza hizo elfu tisini za ziada zimetoka wapi.

Liko jambo jingine ambalo wengi wetu hatujaambiwa. Jedwali la Nne la sheria hiyohiyo ya forodha linasema kwamba bidhaa zikiingia kwa ndege, nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya kukokotolea ushuru wa forodha. VAT ina utaratibu wake, lakini ushuru umeelezwa hivyo. Magauni ya laki moja yaliyosafirishwa kwa elfu themanini ushuru wake ni asilimia 35 ya laki moja, yaani Sh 35,000. Akitokea mtu akakokotoa kwa laki na themanini, anakudai Sh 63,000. Utalijuaje kosa hilo kama umepewa jumla peke yake?

Upande wa kampuni za vifurushi nao tuuelewe, tusije tukadai kwa ghadhabu tu. Kampuni inapoleta maelfu ya vifurushi, huilipa forodha kwanza ili mizigo isikwame, halafu humdai kila mwenye mzigo. Kwa kazi hiyo hutoza asilimia fulani ya kodi iliyolipwa, au kiwango cha chini kilichopangwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Mwagizaji wa kontena haoni maumivu ya kiwango hicho cha chini. Anayeumia ni fundi simu wa Kalenga aliyeagiza vioo vya elfu thelathini, kwa sababu kiwango cha chini hakiangalii udogo wa mzigo. Kazi imefanyika, ujira una haki yake. Tunachokidai ni kuujua kabla ya kuagiza. Uingereza, Royal Mail kwa miaka imetoza paundi 8 kwa kifurushi chenye kodi, na kiwango hicho kimetangazwa kwa wote. Kanada, posta yao hutoza dola 9.95 za kwao, na kama kifurushi hakina kodi, ada hiyo haipo. Mtu wa Leeds au wa Toronto anaweza kupenda au kuchukia kiwango hicho, lakini anakijua akiwa bado hajabonyeza kitufe cha kununua.

Kwa nini nasema tudai kwa pamoja? Waulizeni wakulima wetu habari ya lumbesa. Mkulima mmoja akikataa kushindilia gunia, mnunuzi anahamisha gari kwa jirani, na aliyekataa analala na vitunguu vyake. Pale kijiji kizima kilipokataa ndipo mnunuzi alipokubali mizani. Hali ya vifurushi ni hiyohiyo. Mteja mmoja anayeomba mchanganuo anaonekana msumbufu, na mzigo wake unaendelea kuhesabiwa siku za ghala huku akijibizana. Wateja mia mbili wanaoomba karatasi ileile, kwa maneno yaleyale, wanakuwa utaratibu.

Hivyo naomba tukubaliane mambo haya na tuyashike. Asilipe mtu mpaka apate mchanganuo wa maandishi kwa Kiswahili: thamani iliyotumika, daraja la ushuru, VAT, tozo nyingine za Serikali, kisha ada za kampuni kila moja na jina lake. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Bili ya kifurushi haiwezi kuwa jambo zito kuliko hukumu. Kodi ya Serikali ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo, na pesa isiende kwenye namba ya simu ya mtu. Ada ya kampuni nayo ikatiwe risiti ya EFD. Mamlaka ya Mapato, TRA, yenyewe kila siku inatuhimiza kwamba tukinunua tudai risiti. Tuitii hapa pia.

Vikoba vyetu vina madaftari ya hisa na mikopo. Naviomba viongeze daftari moja la vifurushi: nini kiliagizwa, kwa bei gani, kampuni ilidai kiasi gani, kilifika lini, na ujumbe wa kwanza ulikuja tarehe ngapi. Wenye mizigo inayopitia Posta waandike pia ile karatasi ya taarifa ilikaa siku ngapi kwenye sanduku, kwa maana wengi wetu tunatumia sanduku la shule au la parokia, na taarifa hulala humo mpaka atokee wa kwenda mjini. Hapa kuna jambo la kuikumbusha Posta na kampuni zote. Mwaka 2022 tulibandikiwa namba za nyumba na majina ya mitaa katika operesheni ya anwani za makazi. Anwani tunazo. Kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini hazipaswi kumgharimu mtu siku tano za kutojua kwamba mzigo wake umefika.

Kikoba kinaweza kufanya zaidi ya kuandika. Kwa kuwa kiwango cha chini hutozwa kwa kifurushi, watu kumi wanaoagiza kwa muuzaji mmoja wakiunganisha oda yao wanalipa ada moja wakagawana. Kodi haipungui, nayo isipunguzwe kwa ujanja. Hapa nawasihi kwa dhati: msimwombe muuzaji aandike "zawadi" au bei ya uongo kwenye fomu ya forodha. Nawajua wanaofanya hivyo, na najua wanachoogopa. Lakini tamko la uongo ni kosa la forodha, mzigo unaweza kuzuiwa, na likigundulika moja katika daftari letu, madai ya wengine wote yanatiliwa shaka.

Kisha tuwapelekee wenye mamlaka. Ukiona ushuru umekokotolewa vibaya, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba Kamishna aupitie upya. Naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Asipojibu katika muda huo, sheria inachukulia kwamba amekubali ombi lako. Ni haki yenye nguvu kiasi hicho, na ni wangapi kati yetu wamewahi kuitumia? Ukiona ada ya kampuni ndiyo isiyoeleweka, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za usafirishaji wa vifurushi. Ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya. Ndugu zetu wa Mbeya, hapo mtatusaidia: barua za Iringa zikifika, mzifuatilie dirishani.

Wako watakaosema tudai vifurushi vidogo visamehewe kodi kabisa. Mimi siko upande huo. Wenye maduka pale Iringa mjini wanalipa kodi kwa bidhaa zilezile, na dunia yenyewe inaelekea kwingine: Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikasitisha msamaha wake wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Hata hivyo liko la kuuliza. Kwa miaka mingi sheria ya Jumuiya imempa msafiri anayerudi nafuu ya mzigo wa hadi kiwango fulani cha thamani. Nafuu hiyo ni ya mwenye uwezo wa kukata tiketi ya ndege. Mama wa Kalenga anayeagiza kipuri cha cherehani cha dola 20 hasafiri, na nafuu hiyo haimhusu. Kiwango kidogo kwa mzigo wa matumizi binafsi, kilichowekwa wazi, kingekuwa haki. Hilo huamuliwa na mawaziri wa fedha wa Jumuiya katika vikao vyao vya kabla ya bajeti, na Muswada wa Sheria ya Fedha hufika Bungeni mwezi Juni. Mbunge akiambiwa Juni, ameambiwa kwa kuchelewa. Jimbo hili la Kalenga liliwahi kuwa na mbunge aliyekuwa Waziri wa Fedha, marehemu Dk. William Mgimwa. Mambo ya kodi hayajawahi kuwa ya mbali na sisi, na mbunge yeyote anayetuwakilisha ayasikie kutoka kwetu mapema, akiwa na daftari letu mkononi.

Leteni basi mlivyonavyo. Viongozi wa vikoba wakusanye nakala, na asiye na karatasi alete simu yenye ujumbe alioletewa na muamala aliolipia, tutanakili kutoka humo. Ficheni namba za kadi zenu, msifiche tarehe. Waliotozwa ndani ya siku 30 zilizopita watangulie, hata kama mchanganuo wao haujakamilika, kwa sababu muda wao wa kuomba mapitio bado unahesabiwa na hizo ndizo barua tutakazoandika kwanza.