Nyumba ya Mjane Si Nyara

Leo sina neno la kubembeleza. Nina mzigo, na mzigo wenyewe uko Marko 12:40. Bwana Yesu anawaonya watu kuhusu viongozi wa dini wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, wanaoomba sala ndefu, na huku wanakula nyumba za wajane. Soma tena polepole. Hakutaja sadaka wala zaka. Alitaja nyumba. Sisi tumewaachia waandishi wa zamani mstari huo kana kwamba ulikufa nao.

Wewe unaijua hiyo nyumba. Mume na mke wameijenga miaka kumi na mitano, chumba baada ya chumba, kwa mkopo wa Sacco, kwa pesa za chama, kwa maziwa ya ng'ombe wawili. Mume anaanguka ghafla. Hakuandika wosia. Siku ya mazishi mchungaji anahubiri, kwaya inaimba, kamati inasoma hesabu. Wiki ya tatu shemeji anakuja kuuliza hati ya shamba iko wapi, "tuiweke mahali salama." Mwezi wa pili kufuli ya mlango ni mpya. Na huyo shemeji ni mzee wa kanisa. Jumapili ndiye anayefungua ibada kwa maombi.

Ndugu shemeji, nakuandikia wewe kwanza.

Unasema hiyo ni mali ya ukoo, na mwanamke ni mgeni aliyekuja na begi. Hivyo ndivyo ulivyofundishwa, lakini sivyo Kenya inavyosema. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Julai 1981. Ina umri mkubwa kuliko wengi wanaosoma hapa. Inasema mtu akifa bila wosia na akaacha mke au mume mmoja pamoja na watoto, vyombo vya nyumbani na vitu vyake binafsi ni vya huyo aliyebaki moja kwa moja. Mali nyingine yote, pamoja na nyumba na shamba, anaikalia na kuitumia maisha yake. Akifa yeye, watoto wanagawana sawasawa. Ndugu wa marehemu hawamo kwenye orodha hiyo kabisa. Mama mkwe hayumo. Ninyi mnaingia tu pale marehemu alipokufa bila mke, bila mume na bila mtoto, na hata hapo wazazi wanatangulia mbele yenu.

Na watoto ni watoto. Binti aliyeolewa ni mtoto. Mahakama ya Rufaa ilikataa mwaka 2005 ile hoja ya kwamba wasichana wapewe kidogo kwa sababu wataolewa. Ukitaka ya zamani zaidi, fungua Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi wamesimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao. Musa alipeleka neno kwa Mungu, na Mungu akasema wale wasichana wana haki. Wewe ni nani wa kukata rufaa hapo?

Kitu kingine ambacho hukuambiwa. Kuchukua mali ya marehemu, kuiuza, kuikodisha au kubomoa bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45. Faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini yenyewe ni ndogo kuliko bei ya mbuzi wazuri wawili, naona wabunge wangeiangalia upya. Lakini jela ni jela, hata kwa anayefungua ibada.

Najua utajibu nini. "Pasta, hilo shamba halikuwa la ndugu yangu. Hati bado ina jina la baba yetu." Hapa nakusikiliza, kwa sababu hapa ndipo wajane wengi wanapoanguka, na si kila mara kwa hila. Kama mzee yu hai na hati ni yake, shamba ni la mzee. Mwanawe alijenga kwa ruhusa tu, na mjane hana njia rahisi. Hilo ni kweli na ni chungu. Lakini kama mzee alikufa zamani na hamkufanya mirathi miaka yote hii, basi fungu la ndugu yako halikuzikwa naye. Alikuwa mtoto wa mzee kama wewe. Fungu lake linapita kwa mke na watoto wake. Hata kama yeye ndiye aliyetangulia kufa na baba akafuata, watoto wake wanasimama mahali pake na kuchukua fungu ambalo angepewa. Kwa hiyo jina la mzee kwenye hati halimfukuzi mjane. Linamaanisha kwamba ninyi nyote, wewe ukiwemo, mnalima shamba la marehemu bila karatasi.

Halafu kuna ile ya "alisema akiwa kitandani." Kaka alisema shamba lirudi kwa mama, alisema nyumba asimamie fulani. Sheria inakubali wosia wa mdomo, lakini lazima awe aliusema mbele ya mashahidi wawili au zaidi wenye akili timamu, na awe amekufa ndani ya miezi mitatu tangu kuusema. Maneno uliyoyasikia peke yako mwaka juzi ukimpelekea uji si wosia.

Na ile ya kwamba mjane akubali kwanza kurithiwa na ndugu wa mume ndipo abaki bomani. Katiba ya 2010, kifungu cha 2, inasema mila inayopingana na Katiba ni batili. Kifungu cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika mila za ardhi ukomeshwe. Mwanamke hanunui kitanda chake mwenyewe kwa mwili wake. Nimemaliza hilo.

Sasa nawageukia watumishi wenzangu, na hapa sitapunguza sauti. Mjane anakuja ofisini kwako analia, nawe unamwambia, "Mama, mwachie Mungu. Wakorintho wa Kwanza 6 inatukataza kupelekana mahakamani. Mungu atakupigania." Kisha unamwekea mikono na anaenda kulala kwa dada yake na watoto wanne. Mtumishi, Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walidhulumiana wao kwa wao na hakukuwa na mwenye hekima kati yao wa kuamua. Kama wewe hukumwita yule shemeji mbele ya wazee ukamwambia arudishe ufunguo, huna haki ya kumsomea mjane sura hiyo. Umemzuia mlango wa mahakama na mlango wa kanisa pia umeufunga.

Tena nionyeshe mwanamke ambaye Yesu alimtumia kama mfano wa maombi katika Luka 18. Ni mjane. Yuko wapi? Kwa hakimu. Hakimu mbaya, asiyemcha Mungu, na bado anarudi na kurudi mpaka apate haki yake. Na yule mama wa Shunemu katika 2 Wafalme 8? Elisha alikuwa amemfufulia mtoto, alikuwa na historia ya miujiza nyumbani mwake. Lakini aliporudi baada ya miaka saba ya njaa na kukuta nyumba na shamba havipo mikononi mwake, alienda kwa mfalme. Mfalme akaweka afisa wa kumrudishia kila kitu, hata mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Muujiza wake wa pili ulipita ofisi ya serikali.

Kwa hiyo dada mjane, nenda. Beba cheti cha kifo, kitambulisho, cheti cha ndoa kama unacho, na majina ya watoto wote. Anza kwa chifu, upate barua inayotaja warithi. Isome kabla hujatoka hapo, kwa sababu barua nyingi zinaandikwa na jina la mke linaachwa nje. Maombi ya usimamizi wa mirathi yanapelekwa mahakamani, na mke au mume aliyebaki ndiye sheria inampa nafasi ya kwanza. Tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga. Na kama shemeji alishaenda mbele yako akaficha kwamba wewe upo, usikate tamaa: idhini iliyopatikana kwa kuficha ukweli inaweza kufutwa wakati wowote. Nawe pia ujue mpaka wako. Ardhi hiyo huwezi kuiuza bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo dalali anayekuja na bahasha jioni mfukuze.

Nawe baba unayesoma hii ukiwa mzima wa afya. Hukasiriki ninapomsema shemeji, lakini wewe ndiye unayemwachia mlango wazi. Ukiambiwa kuandika wosia unasema "nashindwa katika jina la Yesu, sitajitabiria kifo." Nani alimtabiria Hezekia? Mungu mwenyewe alimtumia Isaya amwambie atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia aliongezewa miaka 15, na hatusomi kwamba agizo la kupanga nyumba lilifutwa. Bwana wetu msalabani, katika maumivu yale, alipanga mama yake atakaa na nani. Wewe una nafasi, una kalamu, una mashahidi wawili tu wa kutafuta, wasiwe watu utakaowarithisha.

Kama shamba ni lenu wawili, liandikeni kwa majina yote mawili kama wamiliki wa pamoja. Mmoja akifa, anayebaki anapeleka cheti cha kifo kwa ofisi ya ardhi na hapigani na mtu. Kama baba yako yu hai na umejenga kwake, mwombe akukatie na akuandikie sasa, mpite bodi ya ardhi, kabla mmoja wenu hajaondoka. Na angalia jina uliloandika Sacco ukiwa kijana wa miaka 23. Bado ni la mama.

Kuna mwanamume mwingine anayenyamaza hapa, mwenye nyumba ya pili mjini. Kanisa hili halibariki mitala na sitaanza leo. Lakini watoto hawakujizaa. Siku ukifa bila wosia, sheria itahesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza kila mke kama mtu mmoja. Nyumba ya kwanza ina watoto wanne na mke, ni watano. Ya pili ina wawili na mke, ni watatu. Mali inakatwa mafungu manane. Mkeo atajulia hesabu hiyo kando ya kaburi, mbele ya kwaya, wakati wewe huwezi kumweleza chochote. Mwambie ukiwa unaweza kuongea.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wakili mmoja wa kanisa letu atabaki kwenye ukumbi mdogo. Hakuna ada. Wajane watangulie, kisha mabwana na wake zao pamoja. Leteni kitambulisho na nakala ya hati. Wazee wa kanisa, wote, mtakuwa kwenye kiti cha kwanza, na mwenye ufunguo usio wake aje nao mfukoni.