Acheni kufuta kumbukumbu ndio mpate nafasi

Wasee, nianze na dhambi yangu. Mwaka jana simu iliniambia nafasi imejaa, na nilikuwa na video ya kuposti jioni hiyo hiyo. Nikaingia kwa folda ya kitambo, nikachagua zote, nikafuta. Ndani yake kulikuwa na shosho akiwa shambani, mlima Longonot nyuma yake, akinionyesha vile walikuwa wanabeba maji zamani. Miezi michache baadaye shosho akatuacha. Hiyo video niliyoposti hata mimi siikumbuki ilikuwa ya nini.

Inayoniuma zaidi ni hii: kwa droo yangu kulikuwa na diski ya lepitopu iliyokufa, diski ya nje niliyonunua nikiwa chuo kabla niache, na flashi mbili. Zote nzima. Nafasi nilikuwa nayo, ilikuwa tu imetawanyika.

Sasa ukiuliza watu, utapewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza: nunua diski kubwa, tupa hizo za zamani. Rahisi kusema ukiwa na doo. Na ukishahamisha kila kitu kwa hiyo moja, ikianguka sakafuni umeisha.

Wa pili: weka kwa klaudi. Sawa, lakini Google inakupa gigabaiti 15 za bure, na hizo zinagawanwa na Gmail, Drive na Photos. Ile Photos ya bure isiyo na kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Na akaunti ya kibinafsi ikikaa miaka miwili bila kuguswa inaweza kufutwa. Klaudi nayo ni kompyuta ya mtu mahali fulani. Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa hapo hapo.

Sisi watu wa Longonot tungefaa kujua haya mapema. Kituo cha satelaiti hapa kwetu kilianza kazi 1970, na miaka mingi simu za Kenya kwenda ng'ambo zilitegemea hizo sahani. Kisha 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, na nyingine zikaongezwa baadaye. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ililegea hadi tukatukana, lakini haikuzima yote. Njia zilikuwa nyingi. Nchi ilijifunza, na wewe bado maisha yako yote yako kwa simu moja yenye kioo kimepasuka.

Kile nasema ni tufanye chama. Kila mtu hapa anajua chama. Mwanachama mpya akija hafukuzi wa zamani, anaongeza mchango. Diski pia ziko hivyo. Chukua kompyuta kuukuu, weka Linux na programu ya bure inaitwa mergerfs. Diski ya gigabaiti 500 na ya terabaiti moja zitaonekana kama folda moja kubwa, na faili zilizokuwa ndani zinabaki. Ukipata chapaa mwakani, unachomeka nyingine.

Lakini chagua chama vizuri. Kuna mbinu zinazokata faili vipande na kuvitawanya kwa diski zote. Moja ikifa bila akiba, ni kama mhazini ametoroka na pesa za wote. Kwa mergerfs kila faili inakaa nzima kwa diski moja, kwa hivyo ikifa unapoteza zilizokuwa kwake tu. Na kama unatumia Storage Spaces ya Windows, chunga: inafuta diski kabla ya kuipokea.

Najua mtajaza maoni hapa: diski kuukuu si hufa? Hufa, hata mpya hufa. Ndio maana kuunganisha nafasi pekee hakutoshi. Cha maana kiwe na nakala mbili zaidi, na moja ilale nyumba nyingine kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Kamuchiri, hapa Mai Mahiu, yakaua zaidi ya watu 40. Nyumba ikibebwa na maji, albamu, simu na diski vinaenda pamoja. Nakala iliyo kwa binamu yako Nakuru haiendi.

Kwa hivyo, wewe na mabeshte watatu, wikendi hii mwageni droo. Kila mtu alete diski aliyosahau, mjaribu kama inasoma, muunganishe, halafu kila mmoja amwekee mwenzake nakala. Haba na haba hujaza kibaba.

Na simu ikikuambia nafasi imejaa, kabla ubonyeze kufuta, fungua kwanza uangalie nani yuko ndani.