Barafu ya Kesho Hugandishwa Leo

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa fedha na kwa nafaka iliyokaushwa vema, lakini kwa samaki si kweli hata kidogo. Samaki ni akiba inayooza, na huanza kuoza wakati mvuvi angali anajisifu kwa kumpata. Kwa sababu hiyo tumeonelea leo kuzungumza na askari wenzetu wa jeshi na wa polisi juu ya jambo ambalo wengine watalidharau na kuliita la jikoni: chupa ya maji iliyogandishwa, na namna ya kuitumia ili samaki wafike nyumbani wakiwa wazima.

Tangu mwaka 2017, wanajeshi wa Uganda walipopelekwa maziwani kupambana na uvuvi haramu, askari wengi wamepata kuishi kando ya maji ambao zamani waliyajua maziwa katika ramani tu. Siku ya mapumziko wapo wanaoshika ndoana. Wapo pia wanaonunua mwaloni sangara, ambaye kwetu huitwa mputa, au ngege, ili wawapelekee watoto. Wote hao hupatwa na adui mmoja, naye ni jua la njiani.

Sisi wenyewe hatuna haki ya kumcheka mtu. Si miaka mingi iliyopita tulitoka watu wanne na mtumbwi wa injini, jioni ya siku ya mapumziko, tukiwa na sanduku zuri la baridi na chupa kumi za maji. Chupa hizo tulikuwa tumezitia zote pamoja katika jokofu saa sita mchana, tukazitoa saa kumi na mbili jioni. Kwa nje zilikuwa nyeupe kama chokaa; ndani yalikuwa maji. Usiku ule ziwa lilitukirimu. Asubuhi injini ikagoma, tukakawia, na tulipofika kambini ilikuwa saa tisa mchana. Wake zetu na majirani walikuwa wamekaa barazani na masufuria yao. Tulipofungua sanduku, harufu ilitutangulia kutoa taarifa. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukafukia kilo kama 20 za samaki. Mtoto mmoja akatuuliza kama tulikuwa tunawapanda ili waote.

Hatukuwa na jibu la kumpa. Juma lile lile, kwa kalamu hii hii, tulikuwa tumeandika taarifa kuhusu nyavu haramu zilizochomwa moto. Tulikuwa tumemwambia mvuvi kwamba samaki mchanga ni mali ya taifa, na kwamba anayemvua anawaibia wajukuu zake. Je, ngege wakubwa tuliowafukia shimoni walikuwa mali ya nani? Ziwa halijui tofauti kati ya samaki aliyepotea katika nyavu ya mharamia na samaki aliyeoza katika sanduku la askari. Kwa ziwa wote wawili wametoka, na hakuna aliyeshiba.

Basi na tutazame kosa letu lilikuwa wapi, maana askari asiyelichambua kosa lake atalirudia.

Nguvu ya barafu imo katika kuyeyuka kwake. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu na kuwa maji ya nyuzi sifuri, hunyonya joto linalotosha kuyapasha maji ya uzito huo huo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80 za sentigredi. Hiyo ndiyo akiba yenyewe. Maji ya baridi ambayo hayajaganda hayana akiba hiyo. Yakipata joto kidogo yamekwisha kazi. Chupa iliyoganda nusu ni bunduki yenye nusu ya risasi, na sisi tulikwenda na kumi za namna hiyo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni muda. Chupa ya lita moja na nusu ipewe usiku na mchana mzima katika jokofu linalogandisha barabara. Zikiwa nyingi, zisiingizwe zote kwa siku moja, bali mbili mbili au tatu tatu, kwa maana jokofu la nyumbani si kiwanda. Anayetaka kusafiri Jumamosi aanze Jumatano. Wala asiogope kwamba chupa zitamlia nafasi bure: siku umeme unapokatika, chupa hizo hizo ndizo zinazolinda nyama na maziwa ya watoto hadi umeme urudi.

Sheria ya pili ni chombo. Chupa za plastiki za soda na za maji ya kunywa, ambazo leo zimetapakaa katika mitaro yetu, ni chombo kinachofaa sana. Zioshwe kwa sabuni, zisuuzwe, zijazwe maji safi, lakini zisijazwe hadi mdomoni. Maji yakiganda huongezeka kwa karibu sehemu moja katika kumi, na chupa iliyojaa pomoni itapasuka. Iachwe nafasi ya vidole vitatu, na kizibo kikazwe baada ya maji kuganda. Ndani yake yakiwa maji safi ya kunywa, faida huwa mbili, kwa kuwa yakiyeyuka ni maji ya mabaharia, mradi chupa ioshwe kwanza kwa nje kuondoa utelezi wa samaki.

Hapa hatuna budi kutoa onyo kali. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya kuulia wadudu, mafuta ya injini au maji ya betri kisikaribie samaki, hata kikioshwa mara saba. Tunakumbuka kwamba mwaka 1999 soko la Ulaya lilifungiwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu, na watu wasio na hatia katika viwanda na mialoni wakakosa kazi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na samaki mmoja akipakwa sumu, ziwa zima limepakwa matope.

Sheria ya tatu inahusu chumvi, na hapa wengi hupotea. Wamesikia kwamba maji ya chumvi huwa baridi kuliko maji matupu, nao humimina chumvi bila kipimo. Ni kweli kwamba chumvi huyafanya maji yagande chini ya nyuzi sifuri. Vijiko viwili vya chakula katika lita moja huyafanya yagande karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, kama maji ya bahari. Gramu 100 katika lita moja huyashusha hadi karibu nyuzi 6 chini ya sifuri. Lakini maji yaliyoshiba chumvi hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri, ilhali jokofu la nyumbani mara nyingi hufika nyuzi 18 tu. Mwenye tamaa ya chumvi atatoka na chupa za maji, kama tulivyotoka sisi.

Ushauri wetu ni huu. Kwa samaki mbichi wa kuliwa kesho au keshokutwa, maji matupu yanatosha, kwa sababu nyuzi sifuri ndipo mahali hasa anapotakiwa kukaa. Kwa samaki aliyekwisha kugandishwa, ambaye unataka afike akiwa jiwe, tumia chupa za chumvi kidogo. Chupa hizo zitiwe alama ya rangi, asije mtu akazinywa.

Wapo wanaotaka mfuko bapa, unaolala vizuri kati ya safu za samaki. Huo nao hutengenezwa nyumbani. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uache upoe kabisa, uutie katika mfuko wa nailoni ulio imara, toa hewa, funga, kisha uingize katika mfuko wa pili. Ulaze bapa mpaka ugande. Uji hauongezi baridi kuliko maji; kazi yake ni kutuliza maji yasichezecheze, na mfuko ukipasuka hakuna aliyedhurika. Ila ujue kwamba uji huchacha, hivyo mfuko urudi jokofuni mapema, na ukianza kunuka utupwe. Wengine huchanganya maji na spiriti ili mfuko ubaki laini. Sisi hatukubaliani nao. Spiriti hushika moto na ni sumu, wala haina kazi karibu na kitoweo cha watoto.

Sheria ya nne ni namna ya kupanga. Chupa iliyofungwa hulinda baridi vizuri, lakini haimpozi samaki upesi, kwa maana humgusa mahali pachache na pengine pote ni hewa. Hili tulikiri bila haya: barafu iliyopondwa ya kiwanda, inayomzunguka samaki pande zote, ni bora kwa kazi ya kupoza, na mfanyabiashara mwenye boti kubwa asiiache. Mwenye chupa na afanye hivi. Samaki akitoka majini achinjwe, atolewe matumbo na mashavu, aoshwe kwa maji safi. Kisha atumbukizwe katika ndoo ya maji safi yenye vipande vya barafu, ambavyo vinaweza kutoka katika mfuko mmoja uliovunjwa kwa ajili hiyo. Akiisha kupoa ndipo aingie sandukuni.

Sandukuni chupa zitangulie tangu usiku wa kuamkia safari, ili kuta zenyewe zipoe. Chini ziwe chupa, katikati samaki na mifuko bapa, na juu ziwe chupa tena, kwa sababu hewa baridi hushuka. Kipimo katika nchi zetu za joto ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Kwa samaki wa kilo 10, chupa sita za lita moja na nusu na chupa mbili za nusu lita zinatimiza hesabu. Chupa kubwa hudumu, ndogo hupoza upesi. Zote mbili zina kazi. Sanduku likae kivulini, lifunikwe gunia lililoloweshwa maji, na lisifunguliwe kila mara kumwonyesha kila apitaye.

Tunajua yapo maneno yatakayosemwa. Afande mmoja atasema kwamba askari si mchuuzi wa samaki. Ni kweli. Lakini askari ana mke, ana watoto, na ana mshahara ambao sote tunaujua. Kilo 20 za samaki ni vyakula vya siku nyingi kwa nyumba kadhaa. Zaidi ya hayo, yapo mambo ya kazi yenyewe. Doria inapokamata samaki ambao ni ushahidi wa kesi, jua halimsubiri hakimu. Doria inapokaa siku mbili majini, chakula cha askari nacho kinahitaji ubaridi, na askari mwenye tumbo linalouma halindi kitu.

Mwingine atasema: kwa nini tusisubiri tuletewe masanduku na pakiti za kununua? Tunajibu kwamba vikija tutavipokea kwa shukrani. Lakini chupa iliyo mtaroni leo haihitaji hati ya malipo wala sahihi ya mtu. Jambo linaloweza kufanywa kwa maji, chupa na subira ya siku moja halifai kungoja bajeti.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wa kambi na wa vituo vilivyo kando ya maziwa, penye umeme, kutenga sehemu ya jokofu la mesi kwa ajili ya chupa za barafu, na kumpa askari mmoja jukumu la kuzihesabu, kuziosha na kuzirudisha kama ghala linavyohesabu vifaa vyake. Tunatoa rai kwa akina mama wa kambini, ambao katika mambo ya kuhifadhi chakula ni walimu wetu, kuwafundisha wenzao kazi hii. Na kwa askari mwenzetu anayenoa ndoana zake kwa mapumziko yajayo, tunasema: kabla ya kuuliza samaki wanakula wapi, uliza chupa zako zimeganda? Usiridhike na weupe wa nje. Itikise chupa, ukisikia maji yakicheza ndani, bado hujawa tayari kutoka.

Tumepewa ziwa tulilinde. Sheria inatutaka tumzuie mtu kumtoa sangara aliyepungua sentimeta 50 au ngege aliyepungua sentimeta 28, nasi tunamzuia kwa nguvu za dola. Itakuwa aibu iwapo samaki aliyefikia kipimo, aliyevuliwa kwa haki, atapotea mikononi mwetu kwa uvivu wa siku moja. Yule mtoto aliyetuuliza kama tunapanda samaki sasa amekua, naye ndiye anayezijaza chupa nyumbani kwetu kila Jumatano. Hatumwagizi. Anakumbuka lile shimo.