Gari la kasi lisile mtaji wa msimu

Mazao yanapopata bei nzuri, gari huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa na mkulima au mfanyabiashara kijana. Hilo si kosa. Aliyelima viazi Njombe, au aliyezunguka vijijini kukusanya mahindi na kuyauza Makambako, ametoka jasho, na hakuna sheria inayomtaka apande pikipiki maisha yake yote. Tatizo huanza pale gari lenyewe linapokuwa Toyota Altezza au Subaru Impreza yenye tabo, kisha fedha iliyobaki, badala ya kutengwa kwa ajili ya matunzo, ikaishia kwenye rimu pana, eksozi ya kelele na springi zilizokatwa.

Altezza inafaa kuchukuliwa kama mfano kwa kuwa inafahamika hadi vijijini. Ilitengenezwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka nchini humo ya 1998/1999, na nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote sasa ina takriban miaka 20. Huko ilikotoka, gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka mitatu na baadaye kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo ni moja ya sababu za Wajapani kuyauza magari yao yangali yanatembea vizuri. Likishafika hapa, anayeamua lini liende kwa fundi ni mwenyewe, na mara nyingi huamua likiwa limeshagoma.

Mnunuzi wa mara ya kwanza huhesabu bei ya gari, ushuru na usajili, akadhani amemaliza. Hajamaliza. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na ushuru wa mafuta kuongezwa kwa shilingi 40 kwa lita, mwenye gari linalokunywa mafuta ndiye anayechangia zaidi kila anapopita kituoni. Chukulia gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita na jingine linalokwenda kilomita 12.5. Kwa safari za kilomita 1,000 kwa mwezi, la kwanza litatumia lita 125 na la pili lita 80. Tofauti ni lita 45 kwa mwezi, sawa na lita 540 kwa mwaka. Mkulima azidishe mwenyewe kwa bei ya petroli ya siku hiyo, halafu agawanye kwa bei ya mfuko wa mbolea ya kupandia.

Aidha, kasi anayoilipia huenda asiipate. Injini ya Altezza RS200, inayotajwa kuwa na nguvu za farasi 210 kwa ile ya gia za mkono, iliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani yenye oktani ya karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari ikigundua injini inagonga, huchelewesha cheche ili kuilinda, na nguvu hupungua. Kuongeza eksozi kubwa hapo ni kuongeza sauti tu. Kwa Subaru yenye tabo hatari ni kubwa zaidi, kwani fundi anayepandisha msukumo wa hewa bila kurekebisha mafuta na cheche anaweza kutoboa pistoni. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, au injini ikizimwa ghafla baada ya kupanda mlima kwa kasi bila kuachwa ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, kinachofuata ni moshi wa bluu na safari ya Kariakoo kutafuta tabo ya mtumba.

Mabadiliko mengine hufanyika kwa mazoea tu. Mafundi wengi wa Tanzania ni hodari, na wameokoa magari ambayo kwingineko yangetupwa. Lakini ushauri wa kuondoa thamostati "ili gari lisichemshe" umeharibu injini nyingi. Kifaa hicho huiwezesha injini kufikia joto lake haraka. Kikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta na kusagika mapema, huku ubovu wa rejeta au pampu ya maji ukiendelea kujificha. Masega ya eksozi nayo huondolewa kwa madai kuwa yameziba, kumbe yana soko kwa sababu ya madini ya platinamu yaliyomo.

Kukata springi ndiko kunakomgusa zaidi mtu wa shamba. Altezza ina mikono miwili, ya juu na ya chini, kwenye kila gurudumu, kwa hiyo bushi na bolijointi zake ni nyingi. Likishushwa chini na kupitishwa kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, shokapu hugota, bushi huchanika na sampo ya oili hukutana na jiwe. Kwa kuwa husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwenye utelezi wa masika huanza kuyumba nyuma, na rimu pana zenye tairi chakavu huzidisha hali hiyo.

Mwenye hamu ya kuliboresha gari lake aanze na visivyoonekana: mkanda wa taimingi, ambao katika injini nyingi za aina hii ukikatika valvu hugonga pistoni, pedi na mafuta ya breki, rejeta, na tairi. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, 2319 ikiwa na maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Redio ya Kijapani inayoishia masafa ya 90 inaweza kusubiri.

Vifaa vya asili vinavyotolewa vihifadhiwe, kwa sababu mnunuzi wa kesho hupunguza bei ya gari lililochezewa. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kabla injini haijaguswa. Bima kubwa ikilipiwa kwa gari lililotajwa kuwa la kawaida, kisha ajali itokee na mkaguzi akute tabo iliyoongezwa, kampuni itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Mkulima atabaki na mabaki ya gari mwezi ule ule anaohitaji kununua mbegu.