Tumbo Si Jina la Ugonjwa



Sisi wa Fairfield tuna sifa moja ambayo hakuna awezaye kutunyang'anya: mtu akifa, tunakusanyika. Kabla jua halijachwa vyakula vimeshaletwa, mikeka imetandikwa, daftari la michango linazunguka, na kama maiti inatakiwa kurudishwa nyumbani, fedha zitapatikana. Hilo ni jema na tusiliache. Lakini leo tunauliza: mtu akiwa bado hai, na anatakiwa kumwona daktari bingwa kule Camperdown, daftari hilo huwa wapi?

Tunayasema haya kwa sababu ya mama mmoja wetu, ambaye ameturuhusu tusimulie bila kumtaja. Kwa mwaka mzima alikuwa akichoka, akipanda ngazi za stesheni anasimama katikati kuvuta pumzi. Alipimwa akaambiwa damu ni pungufu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Baadaye akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Sisi nasi tukamshauri apunguze pilipili na mawazo. Choo chake kilikuwa cheusi, ila hakumwambia mtu, maana tumelelewa kwamba mambo ya chooni hayasemwi. Tena vidonge vya damu navyo hukifanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo hata yeye hakushtuka. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mtoto mdogo angeuliza akiona pipa halijai: maji yanakwenda wapi?

Siku aliyoanguka alipelekwa hospitali, akapigwa picha, kikaonekana kivimbe kikubwa katika ukuta wa tumbo. Daktari alieleza kwa Kiingereza, na mkalimani akawa mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Mtoto akasikia neno "stromal", hakulijua, akadhani ni "stomach". Akamgeukia mama yake akasema: "Mama, wanasema ni kansa ya tumbo."

Basi. Mama akaanza kuaga. Akakataa operesheni, akataka atafutiwe nauli akafie kwao. Sisi, kwa huruma yetu, tukaanza kuchanga hiyo nauli! Miezi mitatu ikapotea hivyo, hadi mmoja wetu alipoomba kuisoma barua ya hospitali na kuona herufi nne ambazo hakuna aliyetueleza: GIST.

Gisti, tuiite hivyo, si kansa ya tumbo ile watu wanayoizungumza misibani. Kansa ya kawaida ya tumbo huanzia kwenye utando wa ndani. Gisti huanzia ndani ya ukuta wenyewe, katika seli zinazoamrisha tumbo na utumbo kusukuma chakula. Seli hizo zilipewa jina la Cajal, mtaalamu wa Kihispania. Gisti nyingi hutokea kwenye tumbo la chakula, zinazofuata ni za utumbo mwembamba. Inaweza kukaa muda mrefu bila kuuma, na mara nyingi dalili yake ya kwanza ni damu kuvuja ndani kidogo kidogo, mtu akabaki na uchovu asioujua chanzo chake.

Kwa nini jina lina uzito? Kwa sababu tiba hufuata jina. Zamani ugonjwa huu ulichanganywa na uvimbe wa misuli, na dawa za kawaida za kansa, zile za dripu, hazikuusaidia. Mwaka 1998 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba gisti nyingi husababishwa na hitilafu katika jeni iitwayo KIT, ambayo huzifanya seli zigawanyike bila breki. Mwaka 2000, mjini Helsinki, mwanamke mmoja aliyekuwa na gisti iliyosambaa alipewa vidonge vya imatinib, vijulikanavyo pia kama Glivec, na uvimbe ukanywea. Kabla ya hapo mgonjwa kama yeye alikuwa hana tumaini kubwa. Leo imatinib ni dawa ya kawaida, na ikishindwa zipo nyingine nyuma yake, kama sunitinib na regorafenib. Hapa Australia imatinib imo katika mpango wa serikali wa dawa nafuu, kwa hiyo mgonjwa mwenye Medicare hulipa sehemu ndogo tu ya bei.

Sasa mlinganishe: mtu anauza vyombo vyake akafie nyumbani, na kumbe dawa yake ni kidonge cha kumeza kila siku pamoja na chakula na maji.

Na wale wasemao "hata nyumbani hakuna dawa" nao tuwajibu. Kuanzia mwaka 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation waliendesha mpango wa kutoa Glivec bure kwa wagonjwa wa nchi zenye kipato kidogo. Kenya ilikuwamo, na kliniki yake ilikuwa Nairobi Hospital. Wapo ndugu zetu walioishi kwa mpango huo. Aliyefaidika alikuwa yule aliyepimwa akajulikana jina la ugonjwa wake. Asiye na jina hakuwa na foleni ya kusimama.

Tunajua watakaosema: ugonjwa wenyewe ni nadra, mnatutisha bure. Ni kweli ni nadra. Kwa wastani ni watu 10 hadi 15 kwa kila milioni moja kwa mwaka. Katika nchi hii ya watu milioni 27 hivi, hao ni kama mia tatu hadi mia nne. Lakini hapo ndipo penye hatari. Daktari wa familia anaweza kufanya kazi maisha yake yote na asikutane nao zaidi ya mara moja. Ugonjwa wa kawaida utatibiwa popote. Ugonjwa nadra unataka mtu aliyeuona mara nyingi. Anayeujua atataka kipande kipimwe jeni, maana zipo gisti ambazo hitilafu yake haisikii imatinib kabisa. Anayeujua atapasua kwa uangalifu uvimbe usipasukie tumboni na kumwaga seli zake.

Lawama yetu haiishii kwetu. Hospitali inayomtumia mtoto kuwa mkalimani imefanya kosa, na wao wanalijua. Mkalimani katika hospitali za serikali ni bure, na daktari wa familia naye anaweza kumpata kwa simu, namba 131 450. Tena tusikubali mkalimani yeyote mradi anaitwa wa Kiswahili. Mtu wa Uvira na mtu wa Lamu wanaweza kupotezana njiani. Usipomwelewa, sema, aletwe mwingine. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hapaswi kubeba habari ya kifo cha mama yake mdomoni. Mtoto yule hadi leo anajilaumu, na kosa si lake.

Basi tufanye nini? Kwanza, uchovu usioisha, damu pungufu isiyo na maelezo, choo cheusi, tumbo kushiba upesi au kivimbe unachokipapasa: vyote visemwe kwa daktari, bila haya, na swali liulizwe, damu inakwenda wapi? Pili, ukiambiwa ni uvimbe, usitoke chumbani bila jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Uliza uko wapi, una sentimita ngapi, seli zake zinagawanyika kwa kasi gani, jeni gani imepimwa, na je, kesi yako imejadiliwa na jopo la wataalamu wa sakoma, kundi ambalo gisti imo. Kitengo cha sakoma kipo Chris O'Brien Lifehouse, Camperdown. Mwombe daktari wako barua ya rufaa. Kutaka maoni ya daktari wa pili si matusi, ni haki yako. Tatu, dawa za miti shamba zisifichwe. Zipo zinazogongana na imatinib. Na vidonge visiachwe kwa sababu mtu amejisikia nafuu. Ukiviacha bila daktari, ugonjwa mara nyingi hurudi.

Nne, na hili ni letu sote: daftari la michango lifunguliwe ukurasa mpya. Tuandike majina ya wenye magari, ya wanaoweza kukaa na watoto, ya wanaosoma barua za hospitali vizuri, na ya wanaoweza kumsindikiza mgonjwa wakaandika kila kinachosemwa. Hakuna haja ya dola nyingi.

Mama yetu alikubali operesheni, akapasuliwa, sasa anameza vidonge vyake. Miezi ile mitatu hakuna awezaye kumrudishia, na daktari hawezi kumwambia ilimgharimu kiasi gani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatukuyaficha, tulikubali kuyaita kwa jina lisilo lake, na ilikaribia kuwa yale yale. Ukurasa ule mpya tutaufungua katika mkutano ujao. Njooni na kalamu.