Mtihani wa Mwisho Hauwezi Kufundisha Kazi ya Dirisha la Dawa

Mwezi Februari 2022 Baraza la Famasi la India lilitangaza kanuni zinazomtaka kila mwenye stashahada ya famasi afanye mtihani mmoja zaidi wa taifa kabla ya kusajiliwa kuwa mfamasia. Mtihani huo una karatasi tatu za maswali ya kuchagua jibu, na mtahiniwa hufaulu pale tu anapopata angalau asilimia 50 katika kila karatasi kwa mkupuo mmoja, ingawa anaruhusiwa kurudia mara nyingi kadiri atakavyo. Kanuni hizo zinatetewa kwa jina la usalama wa mgonjwa, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipinga. Hata hivyo, zikipimwa kwa yale ambayo mwanafunzi wa stashahada hufundishwa na kwa yale anayokosa, zinaonekana wazi kuwa zimelenga mahali pasipo na kasoro kubwa. Upungufu mkuu wa mafunzo hayo ni uchache wa saa ambazo mwanafunzi hutumia kutoa dawa kwa wagonjwa halisi chini ya usimamizi wa mtu anayeijua kazi, na upungufu huo haupunguzwi hata kidogo na karatasi ya maswali, hata iwe imetungwa kwa ustadi gani.

Jambo hili linamhusu pia msomaji wa Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya dawa zinazouzwa Tanzania, Kenya na Uganda hutengenezwa India, na katika nchi hizi, kama ilivyo kule, mtu anayemkabidhi mgonjwa dawa mara nyingi ni mwenye stashahada. Tofauti iliyopo inazidisha uzito wa suala lenyewe. Nchini Tanzania mwenye stashahada, ambaye husoma miaka mitatu baada ya kidato cha nne, huandikishwa katika daraja lililo chini ya mfamasia mwenye shahada. Nchini India stashahada ya miaka miwili baada ya elimu ya juu ya sekondari ndiyo sifa ya chini kabisa ya kusajiliwa kuwa mfamasia kamili, na aliyesajiliwa kwa sifa hiyo anaweza kusimamia duka la dawa peke yake, kwa kuwa Sheria ya Famasi ya mwaka 1948 na kanuni za dawa za mwaka 1945 zinataka dawa za cheti cha daktari zitolewe na mfamasia aliyesajiliwa au chini ya usimamizi wake mwenyewe.

Mtaala wa stashahada hiyo si mtaala duni, na haki inataka hilo lisemwe kwanza. Katika mwaka wa kwanza mwanafunzi husoma famasyutiki, yaani sayansi ya kuigeuza kemikali kuwa kidonge, dawa ya maji, mafuta ya kupaka au sindano. Kemia ya dawa. Famakognosia, yaani elimu ya dawa zitokanazo na mimea na viumbe wengine. Anatomia na fiziolojia, yaani maumbile ya mwili wa binadamu na jinsi viungo vyake vinavyofanya kazi. Na famasi ya kijamii, ambayo humweleza nafasi yake katika chanjo, lishe, uzazi wa mpango na udhibiti wa magonjwa ya kuambukiza. Katika mwaka wa pili huja famakolojia, yaani elimu ya namna dawa inavyotenda kazi mwilini na namna mwili unavyoishughulikia dawa. Famasi ya jamii na uendeshaji wa duka. Biokemia na vipimo vya maabara. Matumizi ya dawa katika kutibu magonjwa. Famasi ya hospitali. Pamoja na sheria na maadili ya taaluma.

Masomo hayo 11 yaliwekwa na kanuni za elimu za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 1991, na mabadiliko yenyewe yalikuwa ya maana. Mtaala wa zamani ulimwona mhitimu zaidi kama mchanganyaji wa dawa na mwendesha duka, ilhali mtaala mpya unamwona kama mtu wa afya anayepaswa kumwelewa mgonjwa na ugonjwa wake. Mwelekeo huo uliafikiana na kanuni za utendaji za mwaka 2015, zilizomtwika mfamasia wajibu wa kukipitia cheti cha daktari na kumshauri mgonjwa kabla ya kumkabidhi dawa.

Wanaoutetea mtihani mpya wana hoja zao. Wanasema kwamba vyuo vya famasi vimeongezeka kwa kasi na kwamba ubora wake unatofautiana sana. Wanakumbusha kuwa Baraza lilijaribu mwaka 2019 kusimamisha ufunguzi wa vyuo vipya kwa miaka mitano, na kwamba Mahakama ya Juu ya India iliamua Septemba 2022 kuwa zuio la namna hiyo haliwezi kuwekwa kwa azimio la kiutawala tu, kwa sababu linagusa haki ya kikatiba ya kuanzisha taasisi. Wanaongeza kuwa mtihani mmoja wa taifa unampima kila mhitimu kwa kipimo kimoja, bila kujali chuo alichotoka. Yote hayo ni kweli, na mtihani wa aina hiyo unaweza kumzuia mtu asiyejua lolote. Lakini kumzuia asiyejua lolote ni lengo dogo mno kwa taaluma inayoshika uhai wa watu, na hata hilo linalegea pale ambapo anayeshindwa leo anaruhusiwa kurudi bila kikomo, bila kutakiwa kujifunza chochote cha ziada katikati.

Hoja inayoamua suala hili imo ndani ya kanuni za elimu zenyewe, katika sehemu ya tatu ya kozi inayohusu mafunzo kwa vitendo. Baada ya mwaka wa pili mwanafunzi hutakiwa kufanya kazi hospitalini, katika zahanati au katika duka la dawa lenye leseni kwa muda usiopungua saa 500 katika kipindi kisichopungua miezi mitatu, na kati ya saa hizo angalau 250 zitumike katika kazi halisi ya kutoa dawa kwa vyeti vya madaktari. Saa 250 ni siku 31 hivi za kazi ya saa nane. Mwezi mmoja wa kazi ndio muda ambao sheria inamhakikishia mgonjwa kwamba mtu anayempa dawa amewahi kuzitoa akiwa anaangaliwa.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba idadi hiyo ya saa ni ile ile iliyoandikwa mwaka 1991. Kwa karibu miongo mitatu dawa zimeongezeka aina na nguvu, magonjwa ya kudumu kama kisukari na shinikizo la damu yameenea, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yaani hali ya vijidudu kutosikia tena dawa zilizokuwa zikiviua, umekuwa janga la dunia, kiasi kwamba watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 pekee uliwaua moja kwa moja watu milioni 1.27. India yenyewe iliutambua uzito huo ilipotunga orodha maalumu ya dawa, iliyoanza kutumika Machi 2014 na kujumuisha antibayotiki nyingi na dawa za kifua kikuu, ambazo muuzaji hulazimika kuziandika katika daftari la peke yake na kulitunza kwa miaka mitatu. Majukumu yakaongezeka, masomo yakabadilishwa, lakini saa za kujifunza kazi hazikuongezwa hata moja. Kisha, chini ya miaka miwili baada ya kuziacha saa hizo zilivyokuwa, ukawekwa mtihani mlangoni.

Uzito wa upungufu huo unaonekana katika mifano ya kawaida kabisa. Parasetamoli ya maji kwa watoto huuzwa katika nguvu mbalimbali: ipo yenye miligramu 120 katika mililita tano, ipo yenye miligramu 250 katika mililita tano, na yapo matone yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Mtoto wa kilo nane anayepaswa kupewa miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 120. Cheti kikiandikwa "mililita tano" bila kutaja nguvu, mtoto huyo atapata dozi sahihi kwa chupa ya kwanza, zaidi ya maradufu kwa chupa ya pili, na zaidi ya mara nne kwa chupa ya matone. Mtahiniwa yeyote aliyepitia hisabati za dozi ataipata hesabu hiyo akiulizwa katika karatasi. Tatizo ni kwamba dirishani hakuna anayemuuliza. Ni lazima yeye mwenyewe agundue kuwa kuna swali, huku foleni ikisukumana na mama akiwa na haraka ya kurudi nyumbani, kisha awe na ujasiri wa kumpigia daktari simu kabla ya kuitoa chupa rafuni.

Ndivyo ilivyo pia kwa methotreksati, dawa ambayo mgonjwa wa baridi yabisi huinywa mara moja kwa wiki. Mgonjwa huyo akiinywa kila siku, kwa sababu vidonge vingi alivyowahi kupewa maishani vilikuwa vya kila siku, dawa inaweza kuudhuru uboho, yaani kiini cha mifupa kinachotengeneza damu, na kumuua. Kinga yake ni mtoa dawa anayemtajia siku ya wiki, anayeiandika juu ya pakiti na kumtaka mgonjwa airudie kwa maneno yake mwenyewe. Kwa mgonjwa wa kisukari kinga ni kuangalia kilichomo mkononi. Chupa za insulini zinazotumika sana India zina uniti 40 katika mililita moja, wakati mabomba ya sindano ya uniti 100 nayo yanapatikana. Anayeivuta insulini hiyo hadi alama ya 20 kwa bomba la uniti 100 huwa amechukua uniti nane tu, na sukari yake hupanda bila yeye kujua sababu. Mtoa dawa anayemwomba mgonjwa aoneshe bomba analotumia huligundua kosa hilo kwa dakika moja, na ustadi wa kuomba hivyo hujengwa kwa kuwahudumia wagonjwa mmoja baada ya mwingine, mwalimu akiwa kando.

Maswali ya kuchagua jibu yana sifa moja inayoyafanya yasifae kuupima ustadi huo: jibu sahihi tayari limeandikwa mbele ya mtahiniwa, naye anatakiwa kulitambua tu. Kazi ya dirisha la dawa haimpi mtu majibu manne. Humpa mwandiko usiosomeka, mgonjwa asiyejua jina la ugonjwa wake, na mwenye duka anayetaka mauzo. Kanuni za 2022 zenyewe zinatamka kuwa lengo la mtihani ni kuhakikisha kwamba mtahiniwa amepata mafunzo kamili ya vitendo na ana umahiri katika utoaji wa dawa. Hapa uvumilivu hauna budi kwisha. Chombo kinachotamka kuwa kinataka kuhakikisha mafunzo ya vitendo, kisha kikachagua njia isiyoweza kuyaona mafunzo ya vitendo, kinawadanganya wananchi kuhusu ulinzi walionao. Uthibitisho wa kwamba saa 250 zilifanyika kweli unategemea fomu na sahihi ya msimamizi, na hakuna swali la karatasi linaloweza kubaini kama sahihi hiyo ilitanguliwa na kazi au ilitolewa kwa kujuana. Katika nchi ambako desturi ya wafamasia kukodisha vyeti vyao kwa wenye maduka bila wao kufika kazini ni aibu inayojulikana, sahihi isiyokaguliwa ndiyo iliyopaswa kushughulikiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Wala haiwezi kusemwa kwamba njia nyingine haikujulikana. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo, ambamo mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo akitenda kazi halisi mbele ya mkaguzi mwenye orodha ya mambo ya kuangalia. Kanada inautumia mtihani huo kwa wafamasia wake pamoja na maswali ya kuchagua jibu, kwa sababu ilitambua kuwa kujua na kuweza ni vitu viwili. Uingereza humtaka mfamasia mwenye shahada afanye kazi chini ya msimamizi kwa majuma 52 kabla ya kusajiliwa. Iwapo mwenye shahada anahitaji mwaka, mwenye stashahada anayepewa usajili kamili hawezi kutoshwa na mwezi mmoja. Mtihani wa vituo una gharama, na wasimamizi wazuri wana gharama kubwa zaidi. Lakini gharama inayoepukwa na serikali na vyuo haipotei, hulipwa na mtoto wa kilo nane na mgonjwa wa baridi yabisi, ambao hawakuketi katika kikao chochote cha kupitisha kanuni.

Baraza la Famasi la India lina mamlaka ya kuandika upya sehemu ya tatu ya kozi kama lilivyoandika upya masomo 11. Linaweza kuziongeza saa za kutoa dawa hadi zifikie angalau nusu mwaka, kuwasajili na kuwakagua wasimamizi, kutaka daftari la kila cheti alichokihudumia mwanafunzi, na kuugeuza mtihani wa mwisho uwe wa vituo. Nchi za Afrika Mashariki nazo zinalo la kujifunza hapo. Tanzania ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu mkoani Ruvuma mwaka 2003, mafunzo mafupi ya watoa dawa yalifungamanishwa na ithibati ya duka, ukaguzi na orodha ya dawa zinazoruhusiwa, na busara ya mpango ule ilikuwa katika kuifuata kazi mpaka mahali inapofanyika. Wanaopanga mitaala ya stashahada Dodoma, Nairobi au Kampala waishike busara hiyo, na kila pendekezo la kuongeza mtihani lijibiwe kwanza kwa swali la ni saa ngapi mwanafunzi amewahudumia wagonjwa, na ni nani aliyekuwa akimwangalia.